Kimeta Hakipigi Kura

Siku ya kuniaga, afisa mkuu wa idara alisimama mbele ya keki akasema nimefanya kazi miaka yote hiyo "bila kelele." Watu wakapiga makofi. Nilipewa blanketi, saa ya ukutani na cheti ambacho jina langu, Nasimiyu, lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Nikatabasamu, nikapigwa picha. Baadaye ninyi vijana wa ofisi mlinizunguka nje, kando ya gari, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Ninaandika sasa. Na jambo la kwanza ni hili: kama ni kweli nilifanya kazi bila kelele, basi hilo ndilo kosa langu kubwa, na mtu asinisifu kwa ajili yake.

Vyeo nitaviruka. Nilipandishwa wakati wa kupandishwa, mara mbili nikarukwa, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepona kwa sababu ya cheo changu.

Nilianzia Kitale, kwenye kichinjio, wakati serikali ilikuwa moja tu na wakubwa wetu wa juu walikaa Nairobi, mbali kiasi kwamba hawakutujua kwa majina. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya afya ya mifugo, gambuti mpya, na koti jeupe ambalo mama yangu kule Kabuchai alikuwa amelipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkaguzi wa nyama aliyenipokea aliitwa Njoroge. Alikuwa mtu wa Moi's Bridge, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alilitazama koti langu akasema, "Jioni halitakuwa hivyo." Halikuwa.

Alinipa kisu na chuma cha kunolea, akanikataza kugusa nyama kwa siku tatu. Nilinoa tu. Kisu butu kinararua, alisema, na ukirarua tezi hutaona usaha uliomo ndani. Siku ya nne akanipeleka zizini, si kwenye nyama. "Mwangalie akiwa hai, akitembea," akaniambia. "Nyama inaweza kukudanganya. Mwendo haudanganyi." Mpaka leo nikipita kando ya ng'ombe wa watu barabarani huwa naangalia miguu kwanza, hata nikiwa nimevaa nguo za kanisa.

Mchinjaji mkuu pale alikuwa Mzee Abdalla, ambaye familia yake imekaa karibu na msikiti wa mjini tangu babu yake alipokuja na reli. Kabla ya kumlaza mnyama, Mzee Abdalla alimtazama Njoroge. Njoroge akiitikia kwa kichwa, mzee alisema bismillahi na kazi ikaanza. Asipoitikia, kisu kilirudi alani, na hapakuwa na mtu wa kukitoa tena. Sikuwahi kuwasikia wakibishana. Kila mmoja alijua kazi ya mwenzake inaishia wapi.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa fahali wa diwani mmoja. Alitembea vizuri, lakini alipopasuliwa, mapafu yake yalikuwa yamejaa vinundu vya kifua kikuu kama mtama. Njoroge akaikataa nyama yote. Diwani akaja mwenyewe na viatu vyake vyeupe, akasimama kwenye damu.

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa," Njoroge akajibu. "Ng'ombe wako ndiye sikumjua, mpaka nilipompasua."

Akaimwagia nyama mafuta taa mbele yake ili mtu asije akaifukua. Alasiri ile daktari wa mifugo wa wilaya alifika, kwa kuwa diwani alikuwa ameshapiga simu. Daktari aliyatazama yale mapafu, akachukua kitabu cha ukaguzi, akaandika jina lake chini ya jina la Njoroge, akaondoka. Nilidhani hivyo ndivyo serikali ilivyo: mtu akisema hapana, kuna mwingine anasimama nyuma yake. Miezi michache baadaye Njoroge alipewa uhamisho kwenda sehemu ya ukame, mbali na mke na shamba. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya fahali yule. Alifunga mizigo, akaniachia chuma chake cha kunolea, akaniambia niendelee na kazi. Kwa hiyo msinielewe vibaya mkadhani zamani palikuwa peponi.

Serikali ilipogawanywa, kazi za mifugo zikaja kwenye kaunti, nami nikaletwa upande wa nyumbani, katika wadi moja iliyo karibu na Sirisia. Soko lenyewe sitalitaja. Wanaolijua wanalijua, na wenyeji wake wameteseka vya kutosha.

Miaka ya kwanza nilifurahi. Mwakilishi wadi wetu, ambaye nitamwita Mheshimiwa kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya siasa. Ni mtu wa ukoo wa mume wangu, kwa hiyo aliniita shemeji. Alikuwa na masikio. Sisi wenye vyeti tuliandika ripoti kwamba josho limeharibika. Yeye alijua limeharibika tangu lini, nani aliiba bati lake, na ni kina mama gani walikuwa wakitembeza ng'ombe hadi wadi ya pili kwa ajili ya dawa ya kupe. Alilifufua josho lile ndani ya msimu mmoja. Nilimpigia kura, mara mbili, na sitasema nilikosea mara ya kwanza.

Kilichoharibika kiliharibika polepole. Kwanza aliomba gari letu la chanjo libebe viti vya matanga, mara moja tu. Halafu likabeba hema. Halafu dereva akaanza kupokea ratiba kutoka kwake badala ya kwangu. Nililalamika kwa mdomo, kwa adabu, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Kwa barua sikulalamika. Barua ingeonekana kama ukorofi, na sisi watu wa ofisi tunaogopa kuitwa wakorofi kuliko tunavyoogopa kufanya vibaya.

Ikafika mwaka wa tohara. Kwetu ni kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nane, na msomaji ambaye si wa kwetu ajue tu kwamba kijana hapelekwi kwenye kisu kabla mjomba wake hajamchinjia ng'ombe na kumvisha kipande cha nyama shingoni. Mjomba asiyechinja amemtukana dada yake. Mwezi ule kila boma linatafuta fahali.

Asubuhi moja mzee Wanjala, mkulima wa miwa na mahindi, alinipigia simu kwamba fahali wake amekufa ghafla. Ndiye aliyekuwa amewekewa mtoto wa dada yake. Nilipofika, majirani walikuwa wameshakuja na visu na makarai.

"Dokta, hii ng'ombe bado iko na joto," Wanjala akasema. "Jana ilikuwa inakula vizuri. Si utupigie tu muhuri tukate?"

Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Miguu haikuwa imekakamaa. Puani na kwenye njia ya haja kulikuwa na damu nyeusi, nyepesi, isiyoganda. Nilikuwa sijawahi kukiona kimeta kwa macho yangu, lakini nilikuwa nimekisoma.

"Hakuna mtu kumpasua," nikasema. "Mtu akimpasua, ugonjwa unaingia kwenye udongo na utakaa hapa mpaka wajukuu wenu wazeeke."

Mwanamume mmoja akacheka. Nikasimama mbele ya mzoga nikiwa nimetandaza mikono kama mlinda lango, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpaka wakarudi nyuma. Nilivaa glavu, nikatoa tone la damu sikioni, nikalipaka kwenye kioo. Ofisini tulikuwa na darubini ya zamani ambayo lenzi yake moja ilikuwa na ukungu. Nilitia rangi ya buluu, nikaangalia. Walikuwa pale, vijiti vilivyoungana kama mabehewa ya treni. Nikaita msaidizi wangu, Wekesa, naye akaangalia. Alienda kuosha mikono ingawa hakuwa amegusa chochote.

Tulimzika fahali yule futi sita, tukamwaga chokaa, tukafunika kwa miiba. Wanjala alisimama kando akilia waziwazi. "Nitamwambia nini dada yangu?" akaniuliza. Nilimwambia anawe kwa sabuni mara mbili.

Siku hiyohiyo nikatangaza karantini: soko la ng'ombe limefungwa, hakuna kuchinja, hakuna mnyama kuingia wala kutoka. Nikaandika barua kwa afisa mkuu wa idara, Bungoma, nikiomba chanjo haraka, na chini yake nikaandika "nakala kwa idara ya afya." Utaratibu wetu ni kwamba nakala za idara nyingine zinapitia mezani kwa mkubwa. Nilifuata utaratibu. Zingatieni hapo.

Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa alikuja ofisini na wanaume watatu ambao hawakuketi.

"Shemeji, ati umefunga soko."

"Nimefunga, Mheshimiwa. Ni kimeta."

"Ng'ombe moja."

"Mmoja tuliyemwona."

"Na unajua huu ni mwezi gani?"

"Najua. Nina kaka wawili wanaotahirisha."

"Basi unajua. Vijana wameanza kuzunguka na njuga wakialika jamaa. Mimi niende niambie wajomba wao nini? Wangoje?"

"Siku kumi na nne," nikamwambia. "Tuchanje wote, tuipe chanjo nafasi ishike, halafu kila mtu achinje bila hofu. Twende kwa wazee mimi na wewe. Wakielezwa, watasogeza siku ya kisu. Walishawahi kusogeza kwa sababu ya mvua."

Nilidhani amekubali, kwa sababu mwalimu aliyekuwa ndani yake alikuwa ananisikiliza. Kisha akawaangalia wale wanaume watatu, na mwanasiasa akarudi.

"Mama, wewe hukuchaguliwa na mtu," akasema. "Mimi nilisimama kwa jua nikaomba. Hawa watu wakikasirika, ni kwangu watakuja. Kwako hawajui hata mlango."

"Ni kweli. Lakini wakifa, watakuwa wamekufa mikononi mwetu sote wawili."

Aliinuka. "Tutaona," akasema.

Maneno yake kuhusu kuchaguliwa hayakunikasirisha. Alikuwa na haki. Aliyeomba kura ana mzigo ambao mimi sijawahi kuubeba, na kazi yangu ilikuwa kumpa ukweli ili aubebe mzigo wake akiwa anaona. Kinachonichemsha mpaka leo ni kwamba baada ya kuusikia ukweli hakwenda kwa wazee. Alikwenda Bungoma.

Siku mbili baadaye niliitwa huko. Afisa mkuu wa wakati ule, ambaye si huyu wa keki, alikuwa daktari wa mifugo. Hili nataka mlisome polepole. Hakuwa mtu aliyeokotwa kwenye kampeni. Alikuwa amesoma kunizidi, alikuwa na vitabu vya magonjwa ukutani nyuma yake.

"Mama Nasimiyu," akasema, "chanjo imefika. Iko kwenye friji hapa chini."

"Basi nipe gari niondoke nayo."

"Gari lina shughuli mpaka Ijumaa."

Nilikuwa nimeliona gari likiwa njiani. Lilikuwa limebeba vipaza sauti vya Mheshimiwa.

"Sasa hilo soko," akaendelea, "tafuta lugha."

"Lugha gani, Daktari?"

"Lugha itakayofungua soko na wewe ubaki umelindwa. Hali imedhibitiwa. Wafugaji wanashauriwa kuwa waangalifu. Kitu kama hicho."

"Kimeta hakipigi kura," nikamwambia. "Hakitasoma lugha yetu."

"Usinifundishe kimeta. Nimekisoma."

"Ndiyo sababu ninakushangaa."

Barua ilikuwa imeshachapwa. Aliigeuza ikanielekea, akaweka kalamu juu yake. Nikaisoma yote. Ilikuwa na Kiingereza kizuri sana. Nikairudisha kwake bila kuigusa kalamu. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema nimechoka, nichukue likizo ya siku chache, nipumzike nyumbani.

Sikuwa nimefika nyumbani Kabuchai Wekesa aliponipigia.

"Mama, wameniita. Wanataka nitie sahihi kwa niaba yako. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Ningefanya nini?"

"Umeshatia?"

"Nimeshatia."

Nilikata simu. Sikumwambia neno la kumkemea wala la kumsaidia. Nilikaa nyumbani siku tatu nikipalilia maharagwe, na ninaona aibu kuandika hivi, lakini nilijiona msafi. Mimi nilikataa. Jina langu halimo kwenye barua ile. Nilidhani kukataa kutia sahihi ni kazi iliyokamilika.

Mbele ya ofisi yetu, ng'ambo ya barabara, kuna zahanati. Muuguzi wa pale aliitwa Violet, tulikuwa tukiazimana chumvi. Ile "nakala kwa idara ya afya" haikuwahi kutoka mezani Bungoma, na Violet hakujua kwamba kuna kimeta. Alijua tu kwamba soko lilifungwa kwa sababu ya "ugonjwa wa ng'ombe" kisha likafunguliwa na barua yenye muhuri. Kuvuka barabara ile kungenichukua dakika moja. Sikuvuka, kwa sababu habari za idara nyingine hupitia kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa ameniambia nipumzike.

Soko lilifunguliwa Alhamisi. Mheshimiwa alihutubia kwa vile vipaza sauti. Watu walichinja.

Selina alikuwa akipika matumbo pale sokoni, chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani. Aliyaosha kwa mikono mitupu kwenye beseni la buluu, akayachemsha na ndizi, na kila siku ya soko aliniwekea kiti chenye mgongo kwa sababu nilimwambia mara moja kwamba kiuno kinaniuma. Alikuwa na watoto watatu. Alhamisi ile alinunua matumbo ya fahali aliyechinjwa haraka bomani kwa mtu, na ninyi mnajua kwa nini fahali huchinjwa haraka: alikuwa ameanza kutetemeka, mwenyewe akaona bora kisu kitangulie. Selina aliyaosha. Akaonja chumvi kabla hayajaiva vizuri, kama mpishi yeyote.

Jumamosi alikuwa na homa na tumbo. Violet akampa dawa ya malaria, halafu ya taifodi, kwa kuwa ndivyo homa na tumbo zinavyoanza huku kwetu. Jumatatu alitapika damu. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Wanaume wanne waliomchuna fahali yule walitokwa na vidonda vyenye gamba jeusi mikononi. Hao walipona, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa amejua.

Violet alinijia ofisini nilipotoka likizo. Hakuketi.

"Mama, si ungeniambia tu?" akasema. "Kwa mdomo. Ningempeleka siku ya kwanza."

Nilianza kumweleza kuhusu utaratibu wa nakala. Nilijisikia nikieleza, nikanyamaza katikati ya sentensi.

Kwenye mazishi Mheshimiwa alikuja na fahali wa rambirambi. Fahali alikuwa ameletwa kwa gari letu la chanjo, na cheti chake cha chanjo Mheshimiwa alikuwa nacho mfukoni. Alikitoa akawaonyesha watu. Kwa hiyo chanjo ilipata njia ya kutoka kwenye friji. Kisha akashika kipaza sauti akasema amehuzunika sana, kwamba maafisa wa serikali wamelala, kwamba yeye kama kiongozi aliambiwa hali imedhibitiwa na barua anayo, na kwamba vichwa vitaanguka.

Nilikuwa nimekaa na kina mama wa soko. Nikaomba kusema. Msimamizi wa mazishi alinipa kipaza sauti akidhani nitatoa pole. Niliwaambia kila kitu kama nilivyowaandikia ninyi hapa: fahali wa Wanjala, darubini, siku kumi na nne, gari la vipaza sauti, barua iliyochapwa kabla sijaingia mlangoni. Niliwaambia pia kuhusu zahanati, na kwamba sikuvuka barabara. Mheshimiwa alikuwa anaangalia simu yake. Vijana wake wakaanza kusema, "Keti, mama, hii si siasa."

Simiyu, mume wa Selina, alisimama. Ni fundi wa matofali, mtu asiyezungumza.

"Keti, Mama," akaniambia. "Ungeongea hivi wiki ile ingine."

Nikaketi. Kisha akamgeukia Mheshimiwa.

"Na wewe, toa ng'ombe yako hapa."

Hapakuwa na kelele. Mheshimiwa alijaribu kumshika bega, Simiyu akalitoa bega lake. Fahali akarudishwa garini mbele ya watu wote, na ilichukua muda mrefu kwa sababu hakutaka kupanda.

Uchunguzi ulifanywa na kamati ya wawakilishi. Mheshimiwa alikuwa mmoja wa wanakamati, na hakuna aliyeona ajabu. Nilikwenda na faili. Nilitoa nakala ya barua yangu ya kuomba chanjo, nikaeleza nilichoambiwa na nani, na nikasema Wekesa alitia sahihi kwa amri ya mkubwa aliyejua kimeta ni nini kuliko sisi wote. Mwenyekiti akaniuliza kama nina amri hiyo kwa maandishi. Nikasema amri za namna hiyo haziandikwi, na wao wanajua. Akasema muda wangu umekwisha. Afisa mkuu alipoitwa alisema alitegemea taarifa kutoka nyanjani. Alitumia neno "nyanjani" mara nyingi, kama vile ni nchi nyingine.

Wekesa alifutwa. Mkataba wake haukusubiri mwezi wa tisa. Afisa mkuu alihamishiwa idara nyingine, kubwa zaidi. Mheshimiwa alishinda tena uchaguzi uliofuata, kwa kura chache, na katika soko lile alishindwa. Hiyo ndiyo adhabu pekee ambayo mtu yeyote mwenye nguvu alipata, na aliitoa mwananchi. Mimi nilipewa meza ya takwimu Bungoma, chumba kisicho na dirisha, ambapo nilihesabu mbuzi kwenye karatasi mpaka nikastaafu.

Wekesa ana duka la dawa za mifugo sasa. Nilimwendea miezi mingi baadaye, nikamwambia, "Ulinipigia simu nikakata. Ningekwambia rudi, tusimame wawili." Alikuwa anapanga chupa. Alisema, "Mama, hata ungeniambia, sijui kama ningerudi." Tukaachia hapo. Ni jibu la kweli kuliko mengi niliyoyasikia mbele ya kamati. Lakini lilinikasirisha upya, si kwake. Mtu mwenye mke na mtoto mchanga hapaswi kuwa ndiye ukuta wa mwisho kati ya kimeta na Selina. Palikuwa na watu wa juu yake wenye ajira za kudumu, mimi nikiwa mmoja wao, tuliokuwa na uwezo wa kupoteza kidogo tu. Hatukutaka kupoteza hata hicho kidogo.

Wazee wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulichelea Mheshimiwa kununa, na waliolia ni watoto wa mtu mwingine.

Mtaniuliza basi mfanye nini. Mkiwa na habari inayoweza kuokoa mtu, itoeni kwanza, halafu tafuteni utaratibu wake. Msiwachukie waliochaguliwa, wengine wana masikio, na bila wao tungekaa ofisini tukipendana na ripoti zetu. Lakini mkubwa yeyote akikuagiza useme jambo lisilo la kweli, mwambie akuandikie, na usikubali kwenda likizo.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa shambani. Alikuwa Mheshimiwa. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa anashindwa kuzaa tangu alfajiri.

"Piga ofisini," nikamwambia. "Kuna maafisa."

"Shemeji, hao siwaamini. Hao ni watu wa kuwekwa tu."

"Waliwekwa na nani?"

Nilimsikia ng'ombe kwa nyuma akikoroma. Nilichukua begi nikaenda, kwa sababu ng'ombe hakuwa amefanya kosa. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele. Nilivua koti, nikapaka sabuni mpaka begani, nikamsukuma nyuma, nikaunyoosha mguu, na tukamvuta pamoja, mimi na Mheshimiwa, tukiwa tumepiga magoti kwenye matope. Alitoka akiwa hai. Jike. Nikamchoma mama yake sindano.

Nilipokuwa nanawa, Mheshimiwa alinishikia taulo. "Asante, shemeji," akasema. "Unaona? Sisi ni watu wamoja. Yale ya zamani tusahau."

Kutoka boma lake unaona mtaa wa pili juu, na nyumba ya matofali yenye bati jekundu ambayo Simiyu aliijenga mwenyewe. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Nenda ukamwambie yule asahau," nikasema. "Akikubali, urudi uniambie."

Alitazama kule juu, kisha akaniuliza kama ningekunywa chai. Nilimwambia maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe na watu mpaka dawa itoke mwilini, nikafunga begi langu, nikaenda.